Orijino, Mchina, au ya kwao wenyewe: kuchagua vipuri vya elektroniki kutoka Shenzhen

"Kaka, unataka orijino au Mchina?" Ndilo swali la kwanza la muuza vipuri, awe Kariakoo au Luthuli Avenue, na limeshachakaa. Vitu vingi vinavyoitwa orijino vimeunganishwa huko huko China, na katika vile vinavyoitwa Mchina vimo ambavyo Wachina wamevibuni wenyewe bila kumwangalizia mtu. Cha kuuliza ni hiki: kipuri kimevaa jina la nani?

Ukiuliza hivyo, kaunta moja inakuonyesha bidhaa za namna tatu. Kuna feki, iliyoandikwa jina la kampuni ambayo haikuitengeneza. Kuna mbadala, iliyoundwa ichukue nafasi ya ile maarufu pini kwa pini, lakini inabeba jina la aliyeitengeneza. Na kuna ya kwao, iliyobuniwa China ikiwa na mpangilio na masharti yake, haijifanyi kitu kingine. Orijino ya nje inabaki kuwa kipimo cha kulinganishia. Hapa tunalinganisha vitu vitatu ambavyo mafundi na wanafunzi wa elektroniki huvinunua mara kwa mara: chipu ya USB, mikrokontrola (kompyuta ndogo iliyomo ndani ya chipu moja) na betri. Hukumu tuitangulize: feki usiichukue hata kwa bei ya kutupa, mbadala ichukue ukiwa umesoma karatasi yake ya maelezo, na ya kwao ndiyo uianze nayo kama kazi ni mpya na hakuna mchoro wa zamani unaokufunga.

Jina la kuazima lilikoanzia

Shenzhen ilifanywa ukanda maalumu wa kiuchumi mwaka 1980, na soko la vipuri la SEG likafunguliwa katika mtaa wa Huaqiangbei mwaka 1988. Miaka ya 2000 likavuma huko neno shanzhai, yaani bidhaa za kuiga, ambalo asili yake ni ngome ya mlimani, maficho ya majambazi wasiofikiwa na serikali. Kilichozipa nguvu simu za shanzhai hakikuwa ujanja wa kuiga peke yake. MediaTek, kampuni ya Taiwan, ilianza kuuza chipu ya simu pamoja na programu yake na mchoro wa mfano wa simu nzima. Mwenye karakana akabakiwa na kasha, betri na nembo. Oktoba 2007 China ikafuta sharti la kibali cha kutengeneza simu, na kila mwenye mtaji mdogo akaingia.

Utaratibu huo ungali hai. Gongban ni bodi ya umma na gongmo ni kasha la umma: kiwanda chochote hununua na kuongeza chapa yake. Huo si wizi, ni michoro inayozunguka sokoni kama mbegu zinavyozunguka kijijini. Wizi huanza pale nembo ya mtu mwingine inapobandikwa juu.

Afrika Mashariki imeshauona mwisho wa jina la kuazima. Kenya ilizima simu feki mwishoni mwa Septemba 2012, Tanzania ikafuata usiku wa tarehe 16 Juni 2016, zote kwa kuangalia IMEI, namba ya utambulisho ya kila simu. Simu hizo zilipiga na kupokea mpaka saa ile. Hazikufa kwa uchakavu. Zilifishwa kwa sababu ya namba zisizokuwa zao, na chipu feki hufa vivyo hivyo.

Chipu ya USB kwenda siriali: FT232RL au CH340?

Chipu hizi huunganisha USB ya kompyuta na njia ya siriali ya bodi. FT232RL ni ya FTDI, kampuni ya Glasgow huko Scotland. Ina pini 28, haihitaji kristali ya nje ya kuipa mapigo ya saa, na inafika kasi ya megabaudi 3. Ilipendwa, kwa hiyo ikaigwa na kila mtu. Wachunguzi walipoifungua feki mwaka 2014 na kuipiga picha kwa hadubini, ndani hawakukuta nakala ya FT232RL. Walikuta mikrokontrola ya kawaida iliyopikwa programu ya kuigiza tabia za FT232RL. Anayeitengeneza ana uwezo kamili wa kubuni chipu ya USB. Alichokosa ni jina la kuiuzia.

Oktoba 2014 draiva mpya ya FTDI iliingia kwenye kompyuta kupitia masasisho ya Windows, na kila ilipoikuta feki iliandika upya namba yake ya bidhaa kutoka 6001 kuwa 0000. Kompyuta haikuitambua tena, hata ukiihamishia mashine nyingine. Kelele zilipozidi draiva hiyo ikaondolewa, lakini baadaye ikaja nyingine inayotuma maneno NON GENUINE DEVICE FOUND! katikati ya data yako. Fikiria hayo yakiingia kwenye mashine ya kukata chuma inayosubiri amri.

Kuna tatizo la pili lisilosemwa sana. Pini ya 26 ya FT232RL, iitwayo TEST, inatakiwa iende kwenye ardhi ya saketi. Bodi nyingi za bei ya chini ziliiacha hewani, na feki haikujali. Fundi akitoa feki na kulehemu orijino mahali pale, orijino ndiyo inayogoma, naye anaamini ameuziwa mbovu. Ukibadilisha chipu hiyo, pima kwanza kwa mita kati ya pini 26 na pini 25. Isipolia, unganisha kwa tone la risasi.

CH340 ni ya WCH, kampuni ya Nanjing. Haijifanyi FT232: ina draiva yake, namba zake (1A86 na 7523), na jina lake juu. Kwa kupakia programu kwenye Arduino, bodi ya kujifunzia, huioni tofauti, na bei yake ni sehemu ndogo sana ya FT232RL. Linux inaitambua bila kuongezewa kitu. Udhaifu wake ni wa wazi: CH340G ya pini 16 inahitaji kristali ya megahezi 12 na kapasita mbili za pF 22, wakati CH340C haihitaji kristali. Pini ya V3 ndiyo inayosumbua wengi. Ukitumia volti 5, weka kapasita ya µF 0.1 kati ya V3 na ardhi. Ukitumia volti 3.3, unganisha V3 moja kwa moja na VCC. V3 ikiachwa hewani kompyuta husema kifaa hakitambuliki, na lawama huangukia waya wa USB usio na kosa.

Kasoro moja ya CH340G haina dawa: haina namba ya pekee kwa kila kipande. Ukichomeka bodi nne kwenye kompyuta moja, kompyuta hutofautisha tundu, haitofautishi bodi. Kwa fundi mwenye bodi moja mezani hilo si kitu. Kwa anayepima mita 20 za umeme kwa wakati mmoja, FT232RL orijino inastahili bei yake, ila aichukue kwa wakala aliyesajiliwa.

Jaribio la dakika moja kwa chipu yoyote ya aina hii: unganisha TX (pini ya kutuma) na RX (pini ya kupokea) kwa waya, fungua dirisha la siriali, andika herufi. Zikirudi kama ulivyoandika, chipu ni nzima. Na onyo moja kwa wanaochanganya bodi: pini ya volti 3.3 ya FT232RL hutoa miliampea 50 tu, hata ikiwa orijino kabisa. Kuilisha ESP8266, chipu ya Wi-Fi, kutoka hapo ni kuitafutia lawama bure, maana Wi-Fi yake huvuta zaidi ya miliampea 300 kwa mpigo.

Mikrokontrola: hapa mbadala anaweza kumshinda mwenyewe

Bodi ya buluu inayojulikana kama Blue Pill ilitakiwa kubeba STM32F103C8T6 ya STMicroelectronics. Ukiinunua leo mtaani, huenda ndani kuna CS32 au APM32, chipu za Kichina, ambayo maandishi yake yamesuguliwa na kuandikwa STM32. CS32 na APM32 zikiuzwa kwa majina yake ni mbadala halali. Zikisuguliwa zinageuka feki. Kitu ni kile kile, kilichobadilika ni uongo.

Kuitambua si kazi. Unganisha ST-Link (kifaa cha kupakilia programu), endesha OpenOCD (programu ya kompyuta inayosoma namba ya chipu). Ilitarajia kusoma 0x1ba01477; ikikujibu imekuta 0x2ba01477, hiyo si STM32. Unaweza kuweka namba hiyo kwenye faili la mipangilio na kazi ikaendelea, na kwa mwanafunzi hilo linatosha. Kwa bidhaa ya kuuza halitoshi, kwa kuwa oda ijayo inaweza kuja na chipu nyingine kabisa chini ya jina lile lile. Ukiwa na bodi mkononi angalia pia rezista R10: nyingi zina kΩ 10 ambapo USB inataka kΩ 1.5, ndiyo maana kompyuta fulani huitambua na nyingine huikataa.

GD32F103 ya GigaDevice, kampuni ya Beijing, ni mbadala iliyojitaja. Wakati wa uhaba wa chipu wa 2021, bei ya STM32 ilipopaa mara nyingi, wahandisi wengi walihamia huko kwa lazima, kisha wengine wakabaki kwa hiari. Tuziweke sambamba na CH32V003 ya WCH, ambayo haimuigi mtu:

| | STM32F103C8T6 | GD32F103C8T6 | CH32V003F4P6 |
|---|---|---|---|
| Kiini | Arm Cortex-M3 | Arm Cortex-M3 | RISC-V, cha WCH wenyewe |
| Kasi ya juu (MHz) | 72 | 108 | 48 |
| Kumbukumbu ya flashi (KB) | 64 | 64 | 16 |
| RAM (KB) | 20 | 20 | 2 |
| Volti | 2.0–3.6 | 2.6–3.6 | 2.7–5.5 |
| Pini | 48 | 48 | 20 |
| USB ya ndani | ipo | ipo | haipo |
| Kifaa cha kupakilia | ST-Link | ST-Link au J-Link | WCH-LinkE |

Jedwali halisemi yote kuhusu GD32. Ndani yake kuna vipande viwili vilivyopandana: ubongo, na flashi ya kando ambayo yaliyomo hunakiliwa kwenye RAM umeme unapowaka. Kwa hiyo programu inakimbia bila kusubiri flashi, lakini chipu inachelewa kuamka. Ukihamisha programu ya STM32 kwenda GD32 badilisha haya kabla hujalaumu mtu. HSE_STARTUP_TIMEOUT itoe 0x0500 uiweke 0xFFFF, la sivyo chipu itakata tamaa kusubiri kristali na kukimbilia saa ya ndani. BOOT0, pini inayochagua chipu ianze kusoma programu wapi, ishushe kwenye ardhi kwa rezista ya kΩ 10, usiiache hewani. Vitanzi vya kusubiri vinavyohesabu mizunguko vitakwenda haraka kuliko ulivyozoea; tumia taima. Na kama unahitaji USB, sahau megahezi 108: USB inataka 48 kamili, na vigawanyo vya GD32 (1, 1.5, 2 na 2.5) haviipati kutoka 108. Weka 96 au 72.

CH32V003 ni habari nyingine. Ilipotoka mwaka 2022 bei yake ilizungumzwa katika senti 10 za Marekani, na kwa thamani hiyo hakuna anayesumbuka kuitengenezea feki. Inavumilia volti 5, inafaa kwa taa, vidhibiti vya feni, kaunta ndogo za mifugo au maji. KB 2 za RAM ni finyu. Ukitaka kuandika kwenye skrini kubwa utakwama. ST-Link uliyonayo haitaisaidia, kwa sababu hupakiwa kwa waya mmoja kupitia WCH-LinkE. Nunua WCH-LinkE mbili, maana ikifa moja huenda usiipate nyingine mtaani.

Ya kwao iliyofungua njia ni ESP8266 ya Espressif ya Shanghai, mwaka 2014. Ilikuja na karatasi za Kichina tu, wapenzi wa elektroniki wakazitafsiri wenyewe, na Wi-Fi ikashuka kutoka kitu cha kampuni kubwa hadi kitu cha mwanafunzi. Mdogo wake ESP32 anafuata masharti yake, si ya mtu: mpe regulata ya walau miliampea 500, kapasita za µF 10 na µF 0.1 karibu na pini ya umeme, na kwenye EN, pini ya kuiwasha, rezista ya kΩ 10 na kapasita ya µF 1. Akijiwasha na kujizima kila anapotafuta Wi-Fi, umeme umepungua. Programu haina kosa. Pini ya GPIO 12 usiiunganishe na kitu kinachoivuta juu wakati wa kuwaka, maana moduli nyingi hazitaamka.

Kwa nini ya kwao zilichelewa

Mtu anaweza kuuliza: kama uwezo upo, mbona ilichukua muda hivyo? Jibu la kwanza ni ncha ya kalamu. China ilikuwa ikitengeneza kalamu takriban bilioni 38 kwa mwaka, lakini chuma cha ncha kilinunuliwa nje. Waziri Mkuu Li Keqiang alilalamika hadharani Januari 2016. Kiwanda cha chuma cha Taiyuan, TISCO, kikatangaza Januari 2017 kwamba kimekiweza, waya wa milimita 2.3, baada ya majaribio ya miaka. Kukopi kasha ni kazi ya wiki. Chuma hakikopiki kwa macho, kwa sababu siri yake iko kwenye mchanganyiko na joto la tanuri.

Jibu la pili ni kwamba mwigaji hamwonei huruma jirani. Ubao wa magurudumu mawili unaojisawazisha ulikuwa na hataza za Chic ya Hangzhou. Mwaka 2015 karakana zikautoa kwa wingi kwa bodi za umma na betri dhaifu, ukaanza kuwaka moto majumbani, na Julai 2016 Marekani ikatangaza kurudishwa kwa zaidi ya laki tano. Mwenye hataza alipoteza soko pamoja na waliomwibia. Sheria imeongezwa makali: tangu Juni 2021 mwizi wa hataza kwa makusudi anaweza kutozwa hadi mara tano ya hasara. Kabla ya hapo hesabu ilikuwa rahisi, kuiga kulilipa kuliko kubuni.

Na kuna kioja cha Hanxin. Mwaka 2003 chipu hiyo ilitangazwa Shanghai kama fahari ya ubunifu wa nyumbani. Mwaka 2006 ikabainika kuwa ni ya Motorola iliyosuguliwa jina. Feki iligeuzwa nje ndani: kitu cha kigeni kikavikwa jina la Kichina. Nguo ya kuazima haisitiri, ivaliwe upande wowote.

Betri: mizani kabla ya mita

Hapa tuwe wafupi. Betri ya 18650 (milimita 18 kwa 65) iliyo bora hubeba mAh 3500 hivi na huwa na uzito wa gramu 45 hadi 50. Iliyoandikwa 9900 ni uongo wa uso mkavu. Iweke kwenye mizani ya jikoni. Ikiwa gramu 30 na kitu, irudishe. Ikipita mizani, ijaze hadi volti 4.20, itoe kwa ampea 0.5 hadi volti 2.8, zidisha saa kwa 500 upate mAh.

Kwa sola ya nyumbani, achana na mabunda ya 18650 na uangalie LFP, betri ya lithiamu yenye chuma na fosfeti. Kemia yake ilivumbuliwa Texas miaka ya 1990, lakini walioifanya iwe nafuu na ya kudumu ni viwanda vya China kama CATL, BYD na EVE, kwa kurekebisha uzalishaji hatua kwa hatua. Huo nao ni ubunifu, ingawa hauna sherehe. Seli kubwa kama LF280K ya EVE ni Ah 280 kwa volti 3.2, kilo 5.4 hivi, kumi na sita zikifuatana zinatoa volti 51.2. Feki kamili ni nadra, tatizo ni daraja: seli zilizokataliwa kiwandani huuzwa kama daraja A. Msimbo wa QR uliokwaruzwa, au uliochapwa juu ya mwingine, unakutosha kukataa. Pima ukinzani wa ndani wa kila seli kwa kipimo cha waya nne. Ile iliyo juu sana kuliko wenzake itakuwa ya kwanza kujaa na ya kwanza kuisha, na itazibana zote kumi na tano.

Ukiagiza

Kwa vipande 1 hadi 20 nunua bodi iliyokamilika, ukimtajia muuzaji jina la chipu kwa maandishi: "GD32F103C8T6", siyo "STM32 ya bei nafuu". Kwa 100 na kuendelea agiza kwanza 5, zipime, kisha sisitiza zote zitoke kundi moja la uzalishaji. Chipu ikikutia shaka, sugua maandishi kwa pamba yenye asetoni: wino uliopakwa upya mara nyingi hutoka, alama ya leza haitoki.

Na kama bodi zitabeba chapa yako, isajili China kabla hujautuma mchoro wa nembo kiwandani. Huko jina ni la aliyetangulia kusajili, si la aliyetangulia kulitumia. Apple ilikuta jina la iPad limeshasajiliwa na Proview ya Shenzhen, na mwaka 2012 ikalipa dola milioni 60 kulichukua.